Mlango wa Nyuma wa Fundi Pimamaji

Mtaa mzima ulimwita Pimamaji, hata watoto wa shule ambao hawakujua kwamba hilo ni jina la kifaa. Alikuwa mwashi kwa miaka thelathini na tisa. Kile kipande cha alumini cha kupimia usawa, chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo, hakikumtoka mkononi. Alikilaza juu ya matofali, juu ya meza za watu alipokaribishwa chai, na mkewe alikuwa akisimulia kwamba siku walipoletewa kitanda kipya alikilaza juu ya kitanda pia, akagundua mguu mmoja ni mfupi, na hawakulala mpaka aliposaga kipande cha kigae cha kuuinua. Wateja walinung'unika kwamba ni mzito wa kazi. Mwenyewe alisema si mzito, anasubiri zege likomae.

Kitu alichokipenda kuliko vyote katika nyumba ni mlango. Si ubao wala kitasa, bali ule uwazi wenyewe. Aliwaambia vibarua wake kwamba kupanga tofali juu ya tofali kila mtu anaweza. Kazi huanza pale unapotaka kuacha tundu ili mtu apite, maana vilivyo juu ya tundu lazima vipate wa kuvibeba. Njia ni mbili. Ya kwanza ni tao, mawe yaliyochongwa kama vipande vya tikiti na kupangwa kwa kupinda. Kila jiwe linataka kuanguka na jirani yake analizuia, hivyo mzigo unateremka kulia na kushoto hadi ardhini. Tao halidai chuma. Linadai mabega, yaani ukuta mnene kila upande, kwa sababu miguu yake inasukuma nje. Ya pili ni linta, boriti ya zege yenye nondo za chuma ndani, inayolala juu ya mlango na kubeba kwa mgongo. Akifika hapo alivua ndala yake. Aliichanja kwa kisu mikato midogo juu na chini, akaishika ncha zote mbili na kuibonyeza katikati ishuke. Mikato ya juu ilijifunga, ya chini ikafumbuka.

"Zege ukilibana halina neno," alikuwa akisema. "Ukilivuta linachanika kama karatasi. Na hapa linavutwa chini. Sasa nondo zikae wapi?"

Vibarua walijibu, "Chini," naye akavaa ndala yake kazi ikaendelea. Wengi wa vibarua hao walikwisha kutawanyika miji mingine.

Kiharusi kilimpata akiwa na miaka sitini na sita, asubuhi, akiwa anafunga vifungo vya shati. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukafa nusu, na maneno yakaondoka. Baada ya mwezi hospitalini lilirudi neno moja tu, nalo lilikuwa sawa. Ukimuuliza kama ana kiu alijibu sawa. Akiumwa na jino alisema sawa, machozi yakimtoka. Alipotaka kumwita mkewe, neno alilokuwa nalo ndani lilikuwa jina la mkewe, likajikunja njiani likatoka sawa. Daktari alieleza kwamba akili yake ni nzima, anaelewa kila kitu anachoambiwa, ila njia ya kutokea imeziba. Alieleza pia kwamba kwa muda hata kichwa chake kinaweza kuchanganya, atikise akitaka kukubali na ainamishe akitaka kukataa, kwa hiyo wasikitegemee sana. Mkewe alilishika hilo la mwisho kuliko yote.

Nyumba waliyoishi aliijenga mwenyewe wakati binti yao wa pekee alipokuwa anatambaa. Ilikuwa na vyumba vitatu, na bafu lilijitenga kwa nyuma, hatua tatu kutoka ukuta wa chumba chao cha kulala. Juu ya uwazi huo wa hatua tatu alilaza boriti mbili nene kutoka ukuta wa chumba hadi ukuta wa bafu, na juu ya boriti akaweka tangi la maji la lita elfu moja. Kwa mtu mzima mpango ule haukuwa na taabu. Kwa mgonjwa ulikuwa adhabu, kwani ili kufika bafuni ilibidi atoke sebuleni, apite mlango wa mbele, azunguke ubavu wa nyumba penye mteremko, ndipo aingie. Mkewe alimkokota njia hiyo mara tatu kwa siku, bega lake chini ya kwapa la mumewe, wakipumua pamoja kama watu waliobeba kabati. Siku moja ya matope waliteleza wakaanguka wote wawili, wakakaa pale chini. Mkewe akaanza kucheka, halafu hakuweza tena kuendelea kucheka.

Binti yao, mwalimu wa hesabu katika mji ulio mbali safari ya siku nzima kwa basi, alipokuja likizo na kusikia habari ya anguko lile, hakutaka mjadala. Baba yake hatazunguka tena. Utapasuliwa mlango kwenye ukuta wa nyuma wa chumba, hatua tatu, bafuni. Pimamaji alikuwa amekaa kitandani akisikiliza. Alifurahi kweli. Aliutazama ukuta ule, na kwa mazoea ya miaka mingi akaona tofali moja moja nyuma ya plasta, akaona vichwa vya zile boriti mbili vilipolalia, juu kabisa ya mahali ambapo binti yake alikuwa akichora mlango kwa chaki. Mlango pale unawezekana, alijua. Unahitaji linta nzito, ndefu, na subira.

Aliyeletwa kuifanya kazi hiyo ni fundi mmoja wa mtaa wa jirani, mtu wa miaka arobaini hivi, mcheshi, mwepesi, asiyekataa kazi. Watu walimwita Chapchap. Hakuwa tapeli. Alijifunza ujenzi kwa kutazama wengine, akaokota hapa na pale, na kwa kuwa kuta zake zilisimama hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Alipoingia chumbani alimsalimia mzee kwa kuinama, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, akasema amefika kwa mwalimu wa waashi na ataomba asahihishwe kila atakapokosea.

"Sawa," alisema Pimamaji.

Kila mtu alifurahi kwamba safari hii neno lilikuwa limeangukia mahali pake.

Chapchap alianza vizuri. Alitoa maji yote tangini ili kupunguza uzito, akasimamisha mirunda miwili, nguzo za mbao za kuegemeza, chini ya boriti, akakata ukuta kwa uangalifu. Kukata ukuta si jambo la ajabu kama watu wanavyodhani. Ukitoa matofali katikati, ya juu hayaanguki yote. Linaanguka fungu dogo lenye umbo la paa, mengine yanaegemeana na kujishikilia kama mawe ya tao. Lakini hayo ni kwa ukuta mtupu. Pale juu kulikuwa na vichwa vya boriti, na ndani ya lile fungu dogo ndimo vilipokaa. Ukuta usingeweza kujisaidia. Mzigo wote wa tangi ungekuja juu ya linta, na linta peke yake.

Pimamaji alitazama boksi la mbao la kumiminia linta likigongwa. Kwanza aliona vikalio. Linta inatakiwa iingie ukutani kila upande kiasi cha shubiri. Hii iliingia vidole vinne, na upande wa kushoto ilikalia tofali lililopasuka. Akajisogeza kitandani. Halafu aliona nondo. Zilikuwa mbili, nyembamba. Chapchap hakuzilaza chini ya boksi. Alimimina zege kwanza karibu lijae, ndipo akazibonyeza juu juu na kulifunika kwa mwiko. Alimweleza mwenzake aliyekuwa akikoroga zege kwamba mzigo unatoka juu, kwa hiyo chuma kinaupokea mzigo hukohuko juu kabla haujalifikia zege. Alisema kwa uhakika wa mtu aliyefikiri.

Hapo Pimamaji alipiga kelele. Ilitoka, "Sawa! Sawa! Sawa!" na Chapchap akageuka akitabasamu, akanyoosha kidole gumba.

Mkewe alikuja mbio kutoka sebuleni. Alikuta mumewe amekunja uso, jasho linamtoka, anaonyesha kwa mkono wa kushoto. Akamuuliza kama anaumwa. Akamuuliza kama vumbi linamsumbua. Akamuuliza kama hautaki huo mlango, naye akatikisa kichwa kwa nguvu, maana mlango aliutaka. Mkewe akakumbuka maneno ya daktari na hakujua alichukulie vipi lile tikisiko. Pimamaji akainama, nusura aanguke, akaokota ndala yake sakafuni. Kwa mkono mmoja hakuweza kuishika ncha mbili. Aliikandamiza ncha moja chini ya paja, akaikunja nyingine, ikachomoka. Akajaribu tena. Alimwinulia mkewe ile ndala usoni, macho yakimsihi.

Mkewe aliipokea, akapiga magoti, akamvalisha. Akatafuta na ya pili akamvalisha.

Pimamaji alilia siku hiyo kama mtoto, na walisema ni ugonjwa, kwamba waliopatwa na kiharusi hulia ovyo. Binti yake alimkumbatia akamwahidi kwamba kelele na vumbi ni vya siku chache tu. Mkewe, aliyekaa naye miaka thelathini na minne, hakuridhika. Alitoka nje akamuuliza Chapchap kama ana hakika na kazi yake, kwa sababu anamwona mzee hana raha.

"Mama," alisema Chapchap kwa upole, "mzee mwenyewe kaniangalia mwanzo mpaka mwisho. Na si umemsikia? Kasema sawa."

Mama alirudi ndani. Alikuwa hajui nondo ni nini zaidi ya kwamba ni chuma.

Siku ya tano mbao na mirunda viliondolewa, kwa sababu likizo ya binti ilikuwa inaisha na alitaka auone mlango umekamilika kabla ya kupanda basi. Pimamaji mwenyewe, enzi zake za kazi, alikuwa akisubiri siku ishirini na moja, na penye mzigo kama ule angesubiri ishirini na nane. Fremu ikaingizwa, ubao ukatundikwa, plasta ikapakwa. Binti akampiga baba yake picha akiwa amekaa mbele ya mlango mpya. Katika picha ile anatazama juu, na waliotumiwa walidhani anamshukuru Mungu.

Ufa ulitokea wiki ya pili. Ulikuwa mwembamba kama unywele, chini ya linta, katikati kabisa, ukipanda kwenda juu. Kutoka kitandani aliuona kila asubuhi mwanga ulipoingia. Mkewe pia aliuona, akamwita Chapchap, naye akaja siku hiyohiyo, akaukagua, akasema plasta mpya hupasuka ikikauka, akauziba kwa saruji laini na kuondoka bila kungoja hata chai. Baada ya siku sita ufa ulirudi palepale.

Tangu hapo Pimamaji alikataa kuupita ule mlango. Mkewe akimwinua na kumwelekeza nyuma, alijiachia mzito kama gunia lililolowa, akajivuta kuelekea sebuleni. Ikabidi wazunguke tena kama zamani, kwenye mteremko uleule. Mkewe alistahimili siku nne. Siku ya tano alimketisha kitandani akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akamwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia alipokuwa mzima. Kwamba mgongo wake umekwisha. Kwamba mtoto wao amejinyima ili mlango ule upatikane, na yeye anaukataa kama mtoto anayekataa uji. Kwamba kama kuna jambo, basi alijue, na kama hakuna, aache kumtesa. Pimamaji alimsikiliza neno kwa neno. Kila swali lilikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa yamejipanga ndani mwake, safi, kwa mpangilio. Alifungua mdomo. Akaufunga tena, kwa sababu alijua kitakachotoka, na hakutaka mkewe alisikie neno lile wakati ule.

Wakafikia suluhu ya kimyakimya. Yeye alizungushwa njia ya mbele, na mkewe akiwa peke yake alipita nyuma. Alipita na ndoo, na nguo chafu, na ufagio. Kila alipokuwa chini ya linta, mumewe alibana pumzi. Mkewe alipokwisha kuingia ndani, naye aliiachia. Mwili wake ulizoea hivyo hata akiwa anasinzia mchana, ubao ukilia kwenye bawaba alishituka. Kilichomsaidia kidogo ni tangi. Mabomba ya mtaa yalikuwa yanatoa maji mara mbili kwa wiki, kidogokidogo, na tangi halikuwahi kufika nusu. Alikuwa akilisikiliza. Kwa kugonga kwa maji alijua limefika wapi, na kwa mara ya kwanza maishani akaombea maji yakatike.

Mwezi wa pili tangu mlango ukamilike, idara ya maji ilibadilisha bomba kuu la mtaa. Alasiri moja, bila tangazo, maji yakaja kwa nguvu ambayo watu hawakuikumbuka. Mtaa wote ulitoka nje na ndoo kwa furaha. Mkewe alikuwa bafuni akifua, akamwambia kwa sauti kupitia mlango ulio wazi kwamba leo maji ni ya kumwaga, kwamba atamwogesha mpaka ang'ae. Pimamaji alikuwa amelala chali. Juu alisikia sauti ya tangi ikibadilika. Mwanzo ilikuwa kama mvua kwenye debe, halafu nzito, halafu ya kunong'ona, jinsi maji yanavyofanya yanapokaribia ukingo. Lita elfu moja ni tani moja. Hakuhitaji kupiga hesabu.

Chembe za plasta zilidondoka kwenye kizingiti. Aliziona.

Alimwita. Aliita kwa nguvu zake zote, na mkewe, akisikia neno lilelile la kila siku, alimjibu kwa uchangamfu, "Haya, nakuja." Aliinua beseni la nguo akaja. Alipofika chini ya mlango alikuwa anamtazama mumewe, uso umelowa, na karibu atabasamu. Linta ilikatika katikati kwa mlio mmoja mkavu. Vipande viwili vilining'inia kidogo kama milango inayofunguka, halafu vikaja chini, matofali yakafuata, boriti moja ikachomoka, na tangi likainama na kumwaga maji yake yote ndani ya chumba.

Vumbi lilipotulia Pimamaji alimwona mkewe amelala kifudifudi, nusu ndani nusu nje, mguu wa kulia chini ya zege, maji yakipita kando ya uso wake. Hakusogea.

Upande wa pili wa ukuta wa bafu aliishi jirani yao, fundi redio, mtu mwema ambaye redio zake hazikunyamaza toka asubuhi. Alipunguza sauti.

"Jirani, kuna nini huko? Mko salama?"

"Sawa!" alijibu Pimamaji. Koo lilimchanika. "Sawa! Sawa!"

"Haya, mzee," alisema jirani. Kwa wiki nyingi alikuwa amezoea kelele za ujenzi upande ule, na kama kungekuwa na shida, alifikiri, mama angeita. Redio ikapanda tena.

Inawezekana kwamba katika miaka yake yote hakuna kilichomuuma Pimamaji kama ile sauti ya redio kupanda. Alikaa akiisikiliza kwa muda ambao hakuweza kuupima. Halafu akajiviringisha, akaanguka kutoka kitandani ndani ya maji. Alijivuta kwa kiwiko cha kushoto, hatua nne ambazo mtu mzima huzivuka bila kufikiri, mpaka akafikia uso wa mkewe, akaugeuza ili pua itoke majini. Alisikia pumzi. Alijaribu kukiinua kile kipande cha zege, yeye aliyekuwa akibeba viwili vya namna hiyo, na hakikutikisika. Kwenye mvunjiko aliziona nondo mbili zimetokeza juu, zimepinda, na chini yake zege tupu.

Uvunguni kulikuwa na karai la chuma, lile la kuogeshea. Akalivuta. Akaokota kipande cha tofali, akalipiga. Alipiga bila mdundo, bila kukoma, mpaka vidole vikatoka damu. Ilipita nusu ya kipindi cha redio. Hatimaye jirani alikasirika, akaja mlangoni kuuliza ni mchezo gani huo, akaita hodi mara mbili, akasukuma mlango akaingia.

Mke wa Pimamaji hakufa. Mguu ulivunjika mara mbili chini ya goti na mbavu tatu zikapata nyufa, na madaktari walisema atatembea, lakini kwa gongo, na si mbali. Chapchap alifika hospitali siku hiyohiyo, ameloa jasho, akasimama mlangoni mwa wodi akilia bila kujificha. Binti alifika kesho yake kwa basi la alfajiri. Siku ya tatu alimleta baba yake kwa kiti cha magurudumu, akamsogeza mpaka kando ya kitanda cha mama, na wote watatu wakakaa pale.

Kufikia wakati huo kichwa cha Pimamaji kilikuwa kimetulia. Wahudumu walikuwa wamekipima kwa maswali madogo madogo, kama leo ni jua au ni mvua, kama huyu ni mwanao au ni dada yako, naye hakukosea hata moja. Binti aliambiwa. Alichuchumaa mbele ya kiti, akaushika mkono wa baba yake ulio hai.

"Baba, nijibu kwa kichwa tu. Siku zile ulipokuwa unapiga kelele. Ulikuwa unajua?"

Pimamaji alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kiharusi kwamba ameulizwa swali analoweza kulijibu kikamilifu. Alimwona binti yake alivyokonda kwa siku mbili, na kidole chake chenye alama ya chaki ya kazini. Akatikisa kichwa kushoto na kulia, polepole, asije akaeleweka vibaya. Hapana.

Binti aliinamisha paji la uso kwenye magoti yake akalia kwa kushusha pumzi. Ni mama tu aliyekuwa anamtazama mzee usoni wakati ule. Aligeuza kichwa akaukabili ukuta, na akakaa hivyo mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.

Baada ya wiki tano waliruhusiwa kurudi nyumbani. Mdogo wake mama, mjane asiye na watoto wadogo, alikuja kukaa nao. Binti alirudi kazini akiwa na moyo uliopoa kiasi, na kwa kuwa baba alisema hakujua, naye akaamini ni ajali, hakuona sababu ya kumkataa Chapchap alipoomba aje auzibe ukuta kwa gharama yake mwenyewe. Alikwisha kubeba kifusi chote na kukitupa. Sasa alileta matofali mapya, akaanza kupanga, taratibu kuliko alivyozoea.

Mama alikuwa kitini, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Alimwacha apange mistari miwili, kisha akamwita.

"Kuna kitu alikuwa anatuambia," alisema. "Mimi sikijui. Wewe ni fundi. Muulize."

Chapchap aliweka mwiko chini. Alikuja akapiga magoti mbele ya Pimamaji, akavua kofia. "Mzee," alisema, "nilikosea wapi? Nionyeshe, nisije nikaua mtu."

Aliuliza kwa moyo wake wote, na mzee alilitambua hilo. Mkono wa kushoto ulipanda. Alionyesha pale juu, penye tundu, linta ilipokuwa. Alisubiri mpaka Chapchap akatazama, akaitikia. Halafu akakigeuza kidole, akakishusha. Chini. Nondo zikae chini. Akapandisha tena, akashusha tena, chini.

Chapchap alikifuata kile kidole kutoka juu ya mlango, kikateremka na ukuta, kikafika sakafuni. Alinyanyuka, akachukua sululu, akatoka nje akachimba kando ya ukuta. Alirudi na udongo mkononi, mweusi, uliolowa maji ya bafu ya miaka mingi.

"Msingi," alisema.

"Sawa," alisema Pimamaji, huku kichwa chake kikienda kushoto na kulia, kushoto na kulia. "Sawa, sawa."

"Anakataa," alisema mama. "Mtazame kichwa."

Chapchap alimtazama mzee, na huruma ikamjaa usoni. Alikumbuka nani aliujenga msingi ule. Alimsogelea, akamshika bega, akanong'ona ili akina mama wasisikie. "Usijitese, mzee wangu. Ni mambo ya miaka mingi, na kila fundi hukosea. Umenifundisha. Sitasahau."

Alimaliza ukuta siku ya pili. Aliupanga vizuri, ukanyooka, akaondoka akiwa amewashika wote mikono. Dada wa mama alihamishia bafu chumbani, wakaoga kwa zamu kwenye beseni, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Chapchap alibadilika kweli. Hakuna fundi mtaani anayechimba msingi mrefu kama yeye. Anashuka mpaka kifuani, anamwaga kokoto, anashindilia, na wenye nyumba wanamsifu kwamba siku hizi hana haraka. Kazi zimemjia nyingi. Shemeji yake Pimamaji humsukuma kwa kiti jioni hadi kona ya barabara apate hewa, na pale ng'ambo, tangu mwezi uliopita, Chapchap anajenga duka la ghorofa moja. Akimwona mzee huacha kazi akaja kumsalimia, na kumwonyesha msingi kwanza. Kuta zimekwisha kupanda. Lina milango mitatu upande wa barabarani, mipana, na mbao za linta ziligongwa jana.